Miaka Thelathini na Moja ya Bi Mswaki Mbele ya Tangi Kuu

Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita, saa kumi kamili jioni, fundi wetu mkuu wa matangi atavua aproni yake ya mpira, ataitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha pampu, na kuondoka akiwa ameyatumikia makumbusho haya ya bahari kwa miaka thelathini na moja, miezi minne na siku kumi na moja. Hesabu hiyo si ya kubahatisha. Mimi ndiye karani wa masjala, jalada lake liko mezani kwangu, na nimehesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilipata siku kumi na mbili.

Jina lake kamili limo ndani ya jalada, lakini nikiliandika hapa nusu ya wafanyakazi watauliza ni nani huyo. Sisi tunamjua kwa jina la Bi Mswaki, na hata mumewe, fundi cherehani mstaafu, akipiga simu hapa humuulizia kwa jina hilohilo.

Wengi hawajui kwamba hakuajiriwa kwa ajili ya samaki. Barua yake ya kazi inasema mpiga chapa. Siku aliyoripoti, taipureta ilikuwa imekwama herufi A, na bila herufi A katika lugha yetu huandiki kitu. Akaambiwa akasubiri fundi kule chini, kwenye chumba cha Tangi Kuu. Alikaa saa mbili akitazama kioo kilichojaa ukoga wa kijani, akashindwa kuvumilia. Alikuwa ametoka safari moja kwa moja na mswaki wake ulikuwa kwenye mkoba, basi akapanda juu ya kiti, akakunja mkono wa blauzi na kuanza kusugua. Fundi wa taipureta alipofika alimkuta mpiga chapa amelowa hadi begani, na mkurugenzi wa wakati huo amesimama mdomo wazi, kwa sababu siku zote aliamini tangi lile halina samaki. Walikuwamo sita.

Taipureta ilipona siku ileile, ila yeye hakuigusa kamwe. Nimeandika barua tisa kuomba cheo chake kirekebishwe, na zote zimejibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, Ijumaa tunamuaga mpiga chapa daraja la pili ambaye hajawahi kupiga chapa hata bahasha.

Kwa wale ambao hawaingii chumba kile (nasikia watu wa uhasibu hutoka ofisini mwao pale tu birika linapochemka), Tangi Kuu lina lita elfu nane za maji ya chumvi, mawe yaliyopangwa kama ngazi, na matumbawe hai ya rangi ambazo hata fundi cherehani hana majina yake. Tumbawe kubwa la zambarau lililo katikati lilikuja likiwa kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Leo lina upana wa meza ya watu wanne. Bi Mswaki ndiye aliyelilea, na alikuwa akilisalimia kila asubuhi kabla ya kutusalimia sisi.

Kazi yake ilikuwa kupigana na mwani. Mwani si adui mbaya ukiwa mdogo, lakini ukipata nafasi huota kwenye mawe kama nywele, ukafunika matumbawe, ukayanyima mwanga hadi yakafa. Kwa vita hiyo alitumia miswaki ya kawaida, ile ya meno, kumi na miwili kwa mwezi. Mtunza ghala mmoja mgeni aliwahi kurudisha fomu yake ya maombi akiwa ameandika pembeni kwamba angependa kujua fundi ana meno mangapi.

Siku ya harusi ya binti yake, pampu ilizimika. Mlinzi wa lango alimpigia simu akiwa amekaa meza kuu kando ya wakwe. Akaomba radhi, akaja na gauni lake la sherehe, akazama hadi kwenye kwapa, pampu ikawaka, akarudi ukumbini keki ikiwa bado haijakatwa. Katika picha zote za harusi ile ana kipande cha mwani begani. Mama mkwe wa binti alidhani ni pambo na akauliza limenunuliwa wapi.

Sasa niingie kwenye kisa chenyewe, kile cha mwaka huu, ambacho kila mtu anakijua nusu nusu na mimi peke yangu nakijua chote.

Mwezi wa pili mwaka huu, Tangi Kuu liligeuka kijani. Halikuanza taratibu. Jumatatu kulikuwa na manyoya kidogo kwenye jiwe la kushoto, Ijumaa jiwe zima lilikuwa limeota ndevu. Wiki ya tatu wageni wakawa wanasimama mbele ya kioo na kujitazama wenyewe. Bodi ikaja, ikatazama, ikatoa uamuzi: ikiwa hadi mwisho wa mwezi wa tano samaki hawaonekani, tangi likaushwe, mawe yatupwe, na mahali pake pawekwe televisheni kubwa ya kuonyesha samaki. Televisheni haioti mwani, alisema mwenyekiti wa bodi, na akaonekana kufurahi kuligundua hilo.

Bi Mswaki alikuwa amebakiza miezi minne tu ya kazi. Alituambia waziwazi, tukiwa kwenye chai, kwamba tangi likikaushwa yeye ataondoka hapa kama mtu ambaye hakuwahi kuja. Hakulia, lakini alikoroga chai yake muda mrefu sana, na ilikuwa haina sukari.

Akaanza vita. Kwanza alisugua, akang'oa kwa mikono, akafyonza kwa mpira na kubadilisha maji, mikono ikachubuka kwa chumvi. Mwani ukarudi. Kisha akaleta wale kaa wadogo wanaohamia makombe ya wengine, mia moja na hamsini, maana hula mwani mchana kutwa. Kaa wakala vizuri, wakanenepa, wakahitaji makombe makubwa zaidi. Bi Mswaki akaazima arobaini kutoka ghala la mhifadhi wa makombe, mzee mmoja makini ambaye huandika namba kwa wino mweusi juu ya kila kombe alilonalo. Basi kwa mwezi mzima namba za makumbusho zilikuwa zinatembea ndani ya tangi. Kila asubuhi mhifadhi alisimama mbele ya kioo na daftari lake, akiita mahudhurio. Namba mia mbili na nne ilikuwa mtoro, na hadi leo hajaisamehe.

Kaa hawakutosha. Akaamua kulinyima tangi mwanga kwa siku tatu, kwani mwani hauishi gizani. Alileta mashuka ya nyumbani, yale mazuri aliyoshona mumewe, akalifunika tangi lote kuanzia juu hadi sakafuni. Kundi la wageni lililoingia siku ya pili lilikuta kitu kirefu kimefunikwa shuka jeupe na mwanamke amekaa kando yake ameinamisha kichwa. Wakavua kofia. Mmoja alimpa mkono wa pole. Bi Mswaki, ambaye alikuwa anasinzia, akashukuru.

Mashuka yalipoondolewa, mwani ulikuwa umefifia na kuwa wa kijivu. Tulipiga makofi. Baada ya siku kumi na mbili ulikuwa umerudi, na safari hii ulionekana umepumzika vizuri.

Hapo ndipo alipoacha kusugua na kuanza kufikiri, jambo ambalo alisema angelifanya tangu mwanzo kama asingekuwa na hasira. Alipima maji kwa vile vichupa vyake vya matone, akaona yamejaa mbolea. Akatueleza kwamba mwani hauletwi na uchafu, unaletwa na shibe: chakula kinachobaki huoza, kikioza kinakuwa mbolea, na mbolea ndiyo inayoulisha mwani. Yeye aliwalisha samaki mara moja tu kwa siku, saa nne asubuhi, kijiko kimoja. Maji yalisema vijiko kumi. Isitoshe, kulikuwa na yule samaki tunayemwita Mheshimiwa. Yeye ni kangaja, samaki ambaye kazi yake yote maishani ni kuguguna mwani kwenye mawe. Lakini Mheshimiwa alikuwa hagusi mwani kabisa. Alikuwa na kitambi. Alielea karibu na kioo siku nzima akisubiri, na Bi Mswaki akajiuliza anamsubiri nani.

Jumanne moja akachukua daftari, akajifungia kwenye chumba cha pampu, na kuchungulia kwa kijidirisha cha ukutani tangu tunafungua milango. Daftari hilo limo kwenye jalada na nimelisoma mara nyingi kuliko nilivyopaswa.

Saa moja na dakika arobaini, mlinzi wa lango: biskuti mbili, huku akimlalamikia Mheshimiwa kuhusu mama mkwe wake. Saa mbili kasoro tano, dada wa mapokezi: chakula cha samaki alichonunua mwenyewe, kimefichwa kwenye kopo la poda. Saa mbili na dakika kumi, mhifadhi wa makombe: makombo ya mkate, na baadaye akatazama huku na huku akajifanya anahesabu kaa. Saa mbili na robo, mkurugenzi mwenyewe: kamba mmoja wa kukaanga, kutoka kwenye leso, kutoka mfukoni mwa koti. Watu walikuwa wanapishana mlangoni kama kwenye zahanati. Kila mmoja aliamini ni siri yake peke yake, na kila mmoja aliamini kwamba samaki yule anampenda yeye. Mheshimiwa alikuwa anapata kifungua kinywa mara kumi na moja kwa siku, na anapopendwa na watu wote hao, mawe agugune ya nini?

Mstari wa kumi na moja unasema hivi: saa mbili na nusu, karani wa masjala. Kiini cha yai la kuchemsha, kizima, amekisaga kwa vidole. Amekaa dakika ishirini. Anaongea.

Naomba msomaji asifunge jarida. Mke wangu alifariki mwezi wa kumi na mbili. Kwa miaka yote tuliyoishi pamoja nilichemsha mayai mawili kila asubuhi, langu na lake, na baada ya msiba mkono wangu haukujua kuchemsha moja. Nikawa nakula langu, la pili nakuja nalo kazini bila kujua nalipeleka wapi. Januari, paa la ghorofani lilipovuja, masjala ikahamishiwa chini, mlango wa pili kutoka kwenye Tangi Kuu. Nikapita pale asubuhi ya kwanza na yai mkononi. Mheshimiwa akaja kwenye kioo, akanitazama. Ndivyo ilivyoanza. Sikujua kwamba hakuna kitu kinachoharibu maji ya tangi kama kiini cha yai. Tangi lilikuwa limevumilia biskuti na makombo ya wenzangu kwa miaka. Yai langu hawakuliweza, wala samaki, wala maji.

Siku mbili baadaye kulikuwa na kikao cha bodi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu. Mwenyekiti akauliza nini kimelifanya tangi lile kuwa shamba. Bi Mswaki alikuwa na daftari kwenye mkoba, niliona pembe yake. Mkurugenzi akaanza kutazama viatu vyake, mhifadhi wa makombe akatazama dari. Mimi nilitazama karatasi. Bi Mswaki akasimama, akasema chakula kilizidi, tangi ni la kwake, na kosa ni la kwake. Akaomba siku arobaini tu. Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa mwandiko mzuri: fundi amekiri. Mchana nikaipokea barua yake ya onyo, iliyosainiwa na mkurugenzi kwa mkono ambao nadhani ulikuwa bado unanukia kamba, nikaipiga muhuri, nikaitia kwenye jalada ambalo kwa miaka thelathini na moja halikuwa na doa.

Jioni ile alinikuta kwenye korido. Akaniambia, kaka, kuanzia kesho lile yai niletee mimi saa nne, chai bila kitafunio inanichosha. Basi. Akaenda zake kuosha ndoo.

Kesho yake akatuita wote kumi na moja, bila kutaja jina la mtu wala kosa, akatugawia miswaki. Alisema ameona kwamba tunampenda sana Mheshimiwa, kwa hiyo kila mtu atakuja kumwona kwa saa yake ileile ya siku zote, ila badala ya kuingiza kitu, atatoa. Akatupimia kioo na mawe kwa vipande, kila mtu na shamba lake. Mkurugenzi alipewa kona ya bomba, mahali pagumu kuliko pote, na hakuthubutu kuuliza kwa nini. Tukasugua, tukang'oa, tukabeba ndoo za maji yaliyochanganywa chumvi. Dada wa mapokezi aligundua kipaji, akawa anang'oa mwani kwa koleo la nyusi. Mlinzi wa lango aliendelea na habari za mama mkwe, lakini sasa akifanya kazi.

Mheshimiwa alichukia. Kwa siku tisa alitugeuzia mgongo, na ukimwita alikwenda nyuma ya jiwe. Hatujawahi kununiwa namna ile na mtu asiyetudai hata salamu. Siku ya kumi, saa tatu asubuhi, kitambi kimepungua, akalisogelea jiwe la kushoto, akalizunguka kama anayekagua hoteli ya bei rahisi, kisha akaguguna. Mara moja. Mkurugenzi alipiga kelele hadi wageni wakakimbilia mlango wa dharura. Kufikia siku ya thelathini, Mheshimiwa alikuwa amerudi kazini kwa moyo wote, kaa wamesafisha mchanga, na matone ya vichupa yalikuwa meupe kama maji ya kunywa.

Bodi ilikuja siku ya arobaini. Mwenyekiti aliingia akitembea haraka, akaliona tumbawe la zambarau, akataka kulisogelea alitazame vizuri, akajigonga pua kwenye kioo ambacho hakukiona. Akaishika pua yake. Baadaye akasema televisheni itawekwa kwenye chumba cha mikutano. Bi Mswaki alikwenda kwenye chumba cha pampu na kufunga mlango, na sisi sote tulijifanya hatusikii kwamba analia.

Ninaandika haya kwa sababu nilipewa kazi ya kusoma jalada lake na kuandika mazuri yaliyomo, nikaikuta ile barua ya onyo, moja peke yake, na chini yake muhuri wangu. Jana nimepeleka kwa mkurugenzi maombi mawili: barua hiyo iondolewe, na nyingine iandikwe kwa jina langu. Alisoma, akakohoa, akauliza kama kamba wake naye atatajwa kwenye jarida. Nilimwambia hapana. Samahani, Mkurugenzi. Maombi yote mawili yamekubaliwa, na barua yangu nimeipiga muhuri mwenyewe. Nimeipenda kuliko vyeti vyangu vyote.

Nilimwambia pia Bi Mswaki, tukiwa kwenye chai, yai likiwa mezani. Alisema alijua ni mimi hata kabla ya daftari, maana maji yalikuwa yananuka yai na mimi nilikuwa nanuka yai. Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja mbele ya bodi. Akanijibu kwamba tangi alikuwa na uhakika atalisafisha, lakini mimi hakuwa na uhakika ningeonekana tena kazini, na wiki zile hakusikia nikiongea na mtu mwingine isipokuwa samaki. Kisha akala yai lake, akasema limeiva mno.

Hati yake ya makabidhiano nimeipokea leo asubuhi. Ina kurasa nne kuhusu pampu, taa, chumvi na vichupa, vyote anavipokea fundi mpya. Mstari wa mwisho unasema kazi ya kuwalisha samaki asipewe fundi. Apewe karani wa masjala, kila siku saa nne, kijiko kimoja, na aruhusiwe kukaa na kuongea kwa muda anaotaka.

Dada yetu, asante kwa kila jiwe na kila tumbawe, na kwa yale uliyoyanyamazia. Nenda nyumbani ukamrudishie mumeo mashuka yake, ukalale hadi jua liwe kali, na simu ya pampu isikusumbue tena. Sisi sote tunakuombea siku ndefu, zenye afya na za furaha. Kijiko nimekipokea.